Mtani Aliyefungua Upinde

Kumpenda mtani wako ni balaa isiyo na dawa, na anayebisha amuulize Hitimana. Mwanamke mwingine ukimwambia una nia naye, atanuna, au atainamisha macho, au atakwenda kukusema kwa kaka zake. Kwa vyovyote utajua umesikika. Mtani yeye atacheka, halafu atawaita majirani waje wacheke pamoja naye.

Hitimana alikuwa fundi wa baiskeli katika mtaa wa wenyeji pale Goma, miaka ya hamsini, mgane wa makamo mwenye mtoto mmoja mkubwa aliyekuwa na kazi yake Bukavu. Alikuwa mtu wa ukoo wa Wasita. Mukashyaka, mjane aliyeuza maharage na viazi sokoni, alikuwa wa ukoo wa Wagesera. Na kwa watu wao, tangu mababu, Mgesera ni mtani wa Msita: humwambia atakalo, popote, mbele ya yeyote, na Msita hana ruhusa ya kukasirika. Akiweza ajibu, asipoweza anyamaze. Hitimana alijaliwa ulimi mzito na hasira nyepesi, kwa hiyo mara nyingi alinyamaza huku masikio yakimwaka moto.

Miaka mitatu alikuwa akimpenda mama huyo. Alipenda mabega yake mapana, alipenda namna alivyofunua sufuria na kuinusa kwanza kabla ya kumpakulia mtu, alipenda hata sauti yake, ambayo watu wa Lac Vert, mbali kabisa nje ya mji, walidai wanaisikia upepo ukivuma upande wao. Siku moja, mwanzoni kabisa, alijikaza kisabuni, akasimama mbele yake na sahani mkononi, akasema, "Mugesera, mi nataka kukuoa."

Mukashyaka aliweka upawa chini. "Bamama, mukuje musikie," akaita. "Huyu Musita anataka kunioa. Amechoka kusimama kwenye mustari wa maharage, sasa anataka kulala ndani ya sufuria."

Soko zima lilicheka. Hitimana alikula maharage yake amesimama, akarudi kwenye baiskeli zake. Mara ya pili alimtuma rafiki yake Kamate, dereva wa kamyo ya mizigo, Mnande wa Butembo mwenye adabu zake, aende akaseme kiutu uzima. Kamate alirudi na bakuli la viazi na machozi ya kicheko.

"Ameuliza kwanza nani amenituma," akasema. "Niliposema ni weye, hakunipa nafasi ya kumaliza. Ndugu yangu, yule mama anafikiri na mimi niko ndani ya muchezo."

Ndivyo mambo yalivyokuwa alipokuja Munyakazi na habari ya mbogo.

Munyakazi alikuwa mdogo wake Hitimana, mkubwa wa wachungaji katika ferme, shamba la ng'ombe la mzungu mmoja huko mbele ya kijiji cha Kiwanja. Alifika kwa kaka yake na vumbi mpaka kwenye kope, akanywa maji, akaeleza. Dume la mbogo, kubwa, pweke, lenye hasira za uzee, lilikuwa limetoka porini na kuhamia kwenye malisho ya ferme. Linavunja nyua, linafukuza watu kisimani, na fahali mmoja wa mzungu limempasua ubavu. Bunduki? Mzungu alijaribu. Ng'ombe wake wameletwa kutoka Ulaya na meli, wote wana mimba, na mlio wa kwanza tu waliruka ua wakatawanyika, wawili wakatupa mimba zao. Basi mzungu ameapa hakuna baruti tena karibu na ng'ombe wake. Ametafuta ruhusa serikalini, ameipata, sasa anataka watu wa upinde, kimya kimya.

"Nimepata batano," Munyakazi akasema. "Nakosa wa sita. Najua utakataa, una kazi yako, na miaka imeenda. Lakini nimeona haya kupita hapa bila kukuambia, maana upinde wa baba njo huu uko ukutani kwako."

"Nakwenda," Hitimana akasema.

Munyakazi alimtazama. "Ni mbogo, kaka. Haiko pongo."

"Nimesikia. Nakwenda."

Sasa, msomaji asidanganyike akafikiri Hitimana alikuwa shujaa. Mnyama mkubwa aliyewahi kumpiga mshale alikuwa pongo mmoja huko Masisi, ujanani, na yule pongo alikuwa amelala. Mbogo alimwogopa kama sisi sote tunavyomwogopa. Lakini wakati mdogo wake akieleza habari za nyua na fahali, yeye alikuwa ameutazama upinde ukutani, akakumbuka desturi ya kwao, na moyo ukaanza kumdunda kwa furaha hata akashindwa kukaa.

Desturi yenyewe ni hii. Upinde uliotundikwa muda mrefu hauteremshwi na mwenyewe kwenda kumwinda mbogo. Huteremshwa na mtani. Huko kwao huitwa kufungua upinde. Kuanzia siku hiyo mpaka siku ya safari, mtani ana uhuru kuliko siku zote: si maneno tu, hata vitu vya mwindaji huchukua akitaka, na mwindaji hucheka na kusema asante. Akikasirika mara moja tu, upinde unarudi ukutani, safari imekufa, maana mtu anayeshindwa kuvumilia mdomo wa mtani atavumilia vipi pembe. Lakini ikifika asubuhi ya kuondoka, mtani humkabidhi mwindaji upinde mlangoni, na hapo utani hufa. Tangu upinde unapogusa mkono wake asubuhi hiyo mpaka anapotoka uani, mtani hana ruhusa ya kucheka wala kudanganya, naye mwindaji vilevile, kwa sababu huenda wasionane tena. Kisha mwindaji huenda zake bila kuangalia nyuma.

Mmeona sasa. Katika maisha yote ya Msita kulikuwa na nafasi moja tu ambapo Mgesera angemsikiliza bila kucheka, na nafasi hiyo ilikuwa nyuma ya mbogo.

"Basi tumungojee muzee Habarurema," Munyakazi akasema. Habarurema ndiye aliyekuwa mkubwa wa Wagesera wa Goma, na kila upinde wa Wasita ulifunguliwa na yeye. "Banasema amekwenda Vitshumbi kumuona mutoto wake anayevua samaki."

"Mbogo hamungojee Habarurema," Hitimana akajibu upesi mno. "Mugesera ni Mugesera. Yuko mwingine pale sokoni."

Munyakazi alitazama upande wa sokoni, akatabasamu. Alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, hakuwa mjinga.

Mukashyaka alikuja jioni ileile, ameacha sufuria kwa jirani, akifuatwa na nusu ya soko. Aliingia ndani, akauteremsha upinde, akapuliza vumbi, akachukua funda la pombe ya mtama na kuupulizia kutoka ncha mpaka ncha. Baba yake Hitimana alikuwa mtu mrefu, na upinde ule ulimzidi mwanawe kimo.

"Batu ba Goma, mutazame," Mukashyaka akasema akiwa mlangoni. "Upinde unakwenda kuwinda, na umepata fimbo ya kutembelea. Fimbo yenyewe ni hii, inaitwa Hitimana."

Watu wakacheka. Hitimana naye akacheka, akasema asante. Mukashyaka alimzunguka, akamtazama juu na chini, akanyoosha mkono na kumvua kofia. Ilikuwa kofia nzuri ya kahawia, mwanawe alimletea kutoka Bukavu, na Hitimana aliivaa hata ndani ya nyumba. Mukashyaka akaivaa yeye, akaiweka upande, akaondoka nayo. "Mbogo hapendi kofia," akasema.

Hapo maandalizi yakaanza, na sijui kama mtaa ule umewahi kupata juma la raha kama lile. Hitimana alifunga duka. Asubuhi aliupaka upinde siagi ya ng'ombe na kuukanda karibu na moto, polepole, mpaka mti ukakumbuka kupinda. Mhunzi wa njia ya Sake alimfulia vichwa vya mishale kutoka kwenye springi ya kamyo iliyovunjika, vizito, vipana kama jani la mharage. Manyoya aliyapata kwa mama mmoja mfuga kanga. Kila kitu alikifanya akiimba, yeye ambaye kuimba kwake kulijulikana kanisani tu, na huko nako hakukusifiwa.

Kamba ndiyo iliyomtia aibu. Kamba ya upinde ni kano la ng'ombe, inasokotwa, inakaushwa, inasokotwa tena, nayo inataka subira. Hitimana alikuwa na haraka ya mapenzi. Akatazama duka lake, akaona waya wa breki, mpya kabisa. Akaufunga kwenye upinde, akauvuta, ukalia vizuri sana. Alikuwa bado anajipongeza Mukashyaka alipotokea uani na kofia yake kichwani.

"Hii ni nini?" akauliza akiugusa.

"Ni kamba. Ya kisasa."

"Ni breki," Mukashyaka akasema. Akageukia watu, kwa sababu watu hawakukosekana pale. "Huyu mutu ni mwenye akili kuliko mababu zake. Mbogo akimukimbilia, yeye anafunga breki."

Watu wakashika mbavu. Hitimana alicheka mpaka mashavu yakauma, na ndani yake alisema maneno ambayo Padri asingeyapenda. Usiku waya ukala ncha ya upinde, na asubuhi akaona ufa mdogo, akaufunga kwa uzi na nta, akaanza kutafuta kano kama watu wengine. Kano lilikuja siku hiyohiyo, limekwisha sokotwa vizuri, limefungwa kwenye jani la mgomba. Aliyelileta alisema ametumwa na Mama wa Maharage. Hitimana alilishika mkononi muda mrefu. Kisha akakumbuka kwamba aliyelileta aliondoka na taa yake ya kandili, kwa amri ya mama huyohuyo.

Maana vitu viliendelea kwenda. Baada ya kofia kilikwenda kiti, kile chenye mikono alichokichonga mwenyewe. Baada ya kiti taa. Baada ya taa sufuria mbili na kifuniko kimoja, halafu mtu akarudishwa kuja kuchukua kifuniko cha pili. Hitimana akienda sokoni alimkuta Mukashyaka ameketi kwenye kiti chake, amevaa kofia yake, anapakua maharage kutoka kwenye sufuria yake, na anamuuliza kama ni mgeni hapa Goma.

Kamate alishindwa kuelewa. "Kwetu huyu anaitwa mwizi," akamwambia siku moja alipopita na kamyo akielekea Vitshumbi kupakia samaki. "Anakumaliza mbele ya batu, na weye unasema asante?"

"Njo desturi. Nikikasirika, imekwisha."

"Na kama atachukua nyumba?"

"Nitasema asante."

Kamate alimtazama kwa huruma, akawasha gari. "Nikitoka Vitshumbi nitakupitia," akasema. "Nashusha samaki, tunageuka, nakupeleka mpaka kwenye ferme. Ukiwa ungali na nguo."

Alasiri ilikuwa ya kupiga shabaha. Hitimana alisimamisha gogo la mgomba nyuma ya nyumba, akalichorea uso wa mbogo kwa mkaa, akarudi nyuma hatua nyingi. Ninyi mnaoijua Goma mnajua tunakanyaga nini: mawe ya volkano, meusi, yenye meno. Kwingine ukikosa shabaha mshale unachoma udongo na unauokota. Goma ukikosa unasikia *tang*, na umepoteza kichwa cha mshale. Siku ya kwanza ilikuwa tang, tang, tang, mpaka mhunzi akaja mwenyewe kuuliza kama kuna mtu ameanza kushindana naye kwa kazi. Siku ya pili sauti zilipungua. Siku ya tatu, kano lilipokuwa limekauka sawasawa, mshale wa kwanza uliingia kwenye gogo na kutokea upande wa pili, na Hitimana aliruka juu kama mtoto, akamkumbatia Munyakazi, akamkumbatia na mhunzi. Mikono ya baba yake ilikuwa imerudi. Alijisikia angeweza kumpiga mbogo, na kifaru, na mtani pia kama angeruhusiwa.

Usiku alijifunza hotuba. Alitaka kuanza na majina ya wazee wake Mukashyaka, kisha habari ya upweke, kisha mistari miwili kuhusu maharage, ya heshima. Alilala kitandani akiirudia huku anatabasamu gizani.

Kisha kikaja kitanda.

Ilikuwa siku moja kabla ya safari. Wanaume wanne waliingia, wakamsalimia vizuri, wakaanza kutoa godoro la majani. Mukashyaka alisimama nje na mtaa mzima nyuma yake. Kitanda hicho kilikuwa cha mbao nzito, urithi wa mama yake, na ndicho kitu pekee kilichobaki ndani zaidi ya moto na mishale. Hitimana alisikia damu ikipanda. Ikapita kifuani, ikafika shingoni, ikafika machoni. Kofia sawa. Kiti sawa. Lakini kumtoa mtu kitandani kwake mchana, mbele ya watu, kitanda cha mama yake? Alifunga ngumi. Kila mtu aliona. Munyakazi, aliyekuwa anafunga mishale pamoja, alibaki na kamba mkononi.

Neno moja tu, na upinde ungerudi ukutani. Neno moja, na angebaki kula maharage amesimama mpaka afe.

Hitimana alifungua ngumi, kidole baada ya kidole. "Asante, Mugesera," akasema, na sauti ikatoka nyembamba sana. "Nilikuwa nalala mingi."

Wale wanaume wakanyanyua kitanda. Na walipokinyanyua, pale chini, katikati ya vumbi na kiatu kimoja cha zamani, kilionekana kifurushi kimefungwa kwa karatasi. Karatasi ilikuwa imepasuka pembeni, na kitenge kilikuwa kinachungulia, chekundu chenye ndege wa manjano, kipya, hakijawahi kuguswa na maji. Hitimana alikinunua miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya siku ile ya sahani ya maharage. Wahenga husema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, lakini hawakusema la kufanya mvungu wenyewe ukiondolewa.

Mtu mmoja aliinama kukiokota. "Na hiki tubebe, mama?"

Mukashyaka alikuwa ameingia ndani. Aliangalia kile kitambaa. Watu walingojea neno lake, walikuwa wameshajiandaa kucheka. Akavua kofia ya Hitimana, akaivaa tena.

"Hapana," akasema. "Hiki hakichukuliwi."

Akatoka, akaenda kwake, na kitanda nyuma yake. Hitimana alilala chini, juu ya majani ya mgomba, na hotuba yake yote ilimtoka kichwani, majina ya wazee na maharage pamoja.

Asubuhi ilikuwa safi, mlima unaonekana mpaka kileleni. Hitimana alinawa, akapiga ishara ya msalaba, akajifunga mishale mgongoni. Nyumba ilikuwa tupu hata pumzi yake iliitika. Mukashyaka, aliyekuja alfajiri kuuchukua upinde, alisimama mlangoni ameushika, kofia kichwani, uso umetulia. Kamyo ya Kamate ikaja, inanuka samaki, ikapiga honi. Mlango wa upande wa pili ukafunguka, na akashuka muzee Habarurema na fimbo yake.

Hitimana alimtazama Mukashyaka, kisha upinde.

"Nimesikia habari njiani," muzee akasema. "Upinde wa Basita umefunguliwa, na mimi niko Vitshumbi nakula samaki. Haizuru, nimefika. Leta, mutoto wangu. Mimi njo mukubwa, mimi njo nitamukabizi."

Alinyoosha mkono. Upinde ukitoka mkononi mwa muzee, Mukashyaka angebaki na ruhusa yake ya kucheka. Muzee alikuwa na haki, na kubishana naye mlangoni ilikuwa ni kuharibu safari. Lakini Mukashyaka hakuuachia upinde.

"Muzee, nakuheshimu," akasema. "Mukono uliofungua njo mukono wa kutoa."

"Tangu lini? Mukubwa akiwepo, mukubwa njo anatoa." Muzee akaukaza uso. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la Mukashyaka, yakaingia ndani ya nyumba. Alitazama kuta, alitazama jiko lisilo na sufuria, alitazama kona. "Kiti cha huyu mutu kiko wapi?"

"Kwangu."

"Na sufuria?"

"Kwangu, muzee."

"Na kitanda?"

Mukashyaka aliinamisha macho. Mtaa mzima ulikuwa haujawahi kuona hilo. "Na kitanda," akasema.

Habarurema aliegemea fimbo yake. Mabega yake yakaanza kutikisika, akaziba mdomo kwa kiganja, akakohoa kwa muda. "Basi toa weye," akasema hatimaye, akajitenga kando. "Mimi nimechoka na safari."

Hitimana hakuelewa kitu. Aliona tu kwamba upinde unakuja. Mukashyaka aliuweka mikononi mwake, na mara ile uani pakanyamaza, kwa sababu kila mtu aliijua sheria. Hata Kamate, ambaye sheria haikumhusu, alizima gari.

"Mukashyaka," Hitimana akasema. Miaka mitatu alikuwa hajamwita kwa jina. Alingoja hotuba ije, haikuja. Ilikuja kweli peke yake. "Mimi namuogopa mbogo. Siendi kwa sababu yake. Naenda kwa sababu hapa mulangoni njo mahali pekee ambapo huwezi kunicheka. Nataka kukuoa. Nilitaka siku ile ya sahani, na nilitaka kila siku."

Akatoa kile kitenge kwapani, akakinyoosha kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa na upinde.

Mukashyaka alikipokea kwa mikono miwili. Hakucheka.

"Na mimi ningekujibu wapi?" akasema polepole, sauti ambayo Lac Vert wasingeisikia. "Mugesera akisema ndiyo kwa Musita katikati ya soko, nani ataamini? Bangecheka, na weye ungecheka pamoja nao, kwa sababu njo desturi. Mimi pia nilingojea hapa mulangoni, Hitimana. Halafu niliogopa kwamba utakufa njaa ya maneno, ufike hapa useme habari ya hali ya hewa. Nikaanza kuhamisha."

"Kuhamisha nini?"

"Kitanda chako kiko kwangu. Kiti chako kiko kwangu, taa yako inawaka kwangu. Ukitoka kwa mbogo, utalala wapi?"

Hitimana aligeuza macho kuangalia nyumba yake tupu, akafikiri, taratibu, kama alivyofikiri kila jambo. "Sina pa kulala," akasema.

"Basi urudi."

Kamate akawasha gari. Munyakazi alimshika kaka yake kiwiko, akampandisha karibu na dereva, yeye akaruka nyuma kwenye matenga. Hitimana alikaa wima, upinde umetokea dirishani, macho mbele. Mwindaji haangalii nyuma. Gari likaanza kutambaa juu ya mawe, na shingo yote ikawa inamwasha.

"Kamate," akasema. "Weye una kioo."

"Ninacho."

"Anafanya nini?"

Kamate aliinama kidogo kwenye kioo cha pembeni. "Amesimama barabarani. Amejifunga kile kitenge. Kofia yako iko kichwani."

"Anacheka?"

Kilichokuwa nyuma yake maisha yake yote ni kicheko cha Wagesera, na sasa alishika upinde kwa mikono miwili akingoja. Kamate alitazama kioo vizuri, akapitisha gari kwenye kona, akatazama tena mpaka hapakuwa na cha kutazama.

"Hapana, ndugu yangu," akasema. "Analia."

Hitimana alicheka peke yake mpaka Kibumba. Hapo ndipo alipomkumbuka mbogo, akamwomba Kamate apunguze mwendo.